Mstari Usio na Kibali

Mtaa wa Chiprovtsi 9,
Ruse.
19 Juni 2018

Mpendwa Shangazi Zdravka,

Pokea salamu zetu sote. Je, goti limepata nafuu tangu theluji ya huko Winnipeg iyeyuke? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo tu, na mcheri umezaa hadi majirani wanatukimbia tukibeba ndoo za matunda.

Sijakuandikia tangu Pasaka kwa sababu ya woga. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa aljebra mara mbili, na wa tatu ndio wa mwisho. Ukianguka tena unatolewa chuoni, nami ningebaki karani wa ofisi ya ardhi mpaka nistaafu.

Mwezi wa Aprili Profesa Kableshkova aliniita ubaoni. Tulipewa kundi, yaani mkusanyiko wa vitu vinavyozidishana ambamo kubadili mpangilio kunaweza kubadili jibu; katika hili kila kitu kikizidishwa kwa chenyewe hutoa moja. Nilitakiwa nithibitishe kwamba a mara b ni sawa na b mara a. Nilimaliza kwa mistari mitatu, nikajiona bingwa.

"Bwana Karani," akasema, "mstari wa pili umehamisha a na b. Nani kakupa kibali?"

"Ni wazi, Profesa."

"Wazi kwa nani? Mtu akija dirishani kwako akasema shamba ni lake, ni wazi, unampigia muhuri?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kweli, nilikuwa nimetumia jambo lilelile nililotakiwa kulithibitisha.

Tangu siku hiyo naandika sababu pembeni mwa kila mstari, kama tufanyavyo kwenye majalada. Mstari ukikosa sababu naufuta, hata uwe mzuri vipi.

Leo asubuhi, kwenye mtihani wa tatu, nimevuta karatasi ya swali: thibitisha kwamba kila kitu katika kundi kina kinyume kimoja tu, yaani kile ambacho ukikizidisha nacho unapata moja. Nilipofika mstari wa tatu nikasita, nikaufuta mbele ya Profesa Kableshkova.

"Mbona unafuta?"

"Hauna kibali, Profesa."

Akavua miwani. "Haya, kitafute. Nina muda."

Nikakitafuta, nikakipata. Amenipa nne kati ya sita; nimefaulu.

Mama hajui kwamba niliwahi kuanguka. Tafadhali usimwambie kwa simu. Nitamwambia mwenyewe Jumapili, sasa naweza.

Nisalimie Mjomba Ognyan na binamu yangu Ralitsa. Mungu akulinde wewe na goti lako.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,
Radostin