Kipande cha Taya ya Orathai

Jumatatu, 20 Machi

Moshi tena. Mlima Suthep hauonekani, na hata maabarani tumevaa barakoa. Watu wanachoma mashamba, sisi tunakohoa. Ndivyo Machi ilivyo hapa Chiang Mai.

Kazi imekwenda vizuri. Nimedondosha tone la maji juu ya titani isiyoguswa: limekaa duara, kama lilivyo juu ya jani la yungiyungi. Nikadondosha jingine juu ya titani iliyotoka kwenye plazma, gesi iliyowashwa kwa umeme: limetandaa papo hapo, limelowesha kipande chote. Metali ile ile! Mwalimu Bunyarit alisimama nyuma yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mfupa nao hupenda mahali maji yanapopenda. Ndiyo imani yetu. Uthibitisho bado.

Kamati ya maadili imekubali. Wagonjwa wa taya, kila mmoja na kipande kilichochongwa kwa kipimo chake. Nusu ya vipande vitapigwa plazma, nusu vitakaa tu ndani ya mashine na gesi, bila umeme. Kompyuta ndiyo itakayopiga kura. Daktari wa upasuaji hatajua, mgonjwa hatajua. Kwa macho, vyote ni sawa.

Alhamisi, 23 Machi

Orathai yumo.

Mdogo wangu. Miaka minane ametangaza kipindi cha asubuhi redioni, kwa lahaja yetu ya kaskazini, akitania madereva na wauza soseji. Mwaka jana uvimbe, wakakata taya upande wa kushoto, wakaweka chuma. Mfupa ukakikataa. Skrubu zimelegea, pamevimba, anakula vya kumeza tu. Sasa anazungumza kama mtu mwenye ndizi mdomoni — maneno yake mwenyewe.

Hakunishauri. Alisikia habari za utafiti hospitalini, akaweka sahihi, ndipo akanipigia. "Dada, umeshakula? Haya. Kaa chini. Nimejiunga na wale panya wenu."

Nikamwambia sheria zilivyo. Akasema anazijua, amezisoma, na nisimwambie chochote hata nikijua. "Nikijua ni cha kawaida nitalia. Nikijua ni cha plazma nitaringa. Vyote viwili vinaumiza taya."

Jumamosi, 25 Machi

Nyumbani kwa Mama. Wali wa kunata, pilipili ya kuchoma, maboga ya mvuke kwa ajili ya Orathai. Aliposinzia, Mama alinifuata jikoni.

"Mashine si unaiendesha wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi."

"Basi nini?"

"Mwanangu, usijifanye hujui Kithai."

Nilimweleza kwamba nikimchagulia Orathai kipande, jaribio zima ni bure, na watakaokuja baada ya Orathai hawatapata kitu. Nikamweleza pia kwamba hatujui kama plazma inasaidia kweli ndani ya mtu. Tungejua, tusingejaribu. Alisikiliza hadi mwisho huku akisugua sufuria. Kisha akasema watakaokuja nao wana mama zao.

Nikafuta vyombo.

Jumatatu, 27 Machi

Nimemwambia Mwalimu Bunyarit kila kitu. Siwezi kugusa vipande hivi. Namba wanaweza kuficha — umbo hawawezi. Lile pindo karibu na sikio ni la Mama, ni langu, ni la Orathai. Nitalitambua hata gizani.

Alivua miwani, akaipangusa kwa shati. Akasema nimefanya vyema, kisha akauliza nani basi ataendesha mashine. Thawat, nikasema. Akacheka. Aliponiona sicheki, akaacha.

Alhamisi, 30 Machi

Thawat anajifunza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari wa falsafa, akili nyingi, mikono ya haraka mno. Kila hatua anaitangulia.

"Pampu kwanza," namwambia. "Subiri ombwe, hewa iishe yote. Halafu gesi ya agoni. Halafu umeme."

"Dada Sao, hii mashine inaringa kuliko mchumba wangu."

"Mchumba wako anakusamehe. Hii haisamehe."

Alipowasha, dirisha dogo likajaa ule urujuani mpole. Akasogea hadi pua ikagusa kioo. Wote husogea hivyo mara ya kwanza.

Jumatano, 5 Aprili

Orathai ana homa. Chuma cha zamani kinatoa usaha. Daktari anasema Jumanne ijayo, tarehe 11, bila kuchelewa. Baada ya hapo ni Songkran, mwaka mpya wetu: mji mzima utakuwa barabarani ukimwagiana maji, na chumba cha upasuaji kitabaki na wa dharura tu. Ikipita Jumanne, ni mwezi wa tano.

Mama hanipigii simu. Anampigia jirani, jirani ananipigia.

Ijumaa, 7 Aprili

Naandika nikiwa koridoni.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya vipande. Nilikaa ofisini, mlango nimefunga, ripoti mbele yangu, sijasoma hata mstari. Kabla ya chakula cha mchana Thawat aligonga. Jasho.

"Dada Sao. Ile rangi — huwa inakuwa ya waridi?"

"Waridi namna gani?"

"Kama juisi ya tikitimaji."

"Zima!"

Waridi maana yake hewa imeingia. Mpira wa mlango wa mashine haukukaa sawa, na hewa ya leo ndiyo hii, moshi mtupu. Alikimbia akazima. Nikabaki nje, nikielekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikampigia Mwalimu: simu imezimwa, yuko ndani ya ndege, anakwenda Bangkok. Nikapiga tena. Vile vile.

Vipande vikiwa vimebadilika rangi, basi tena. Vichongwe upya, mwezi wa tano. Vikiwa safi, vinaoshwa, vinarudiwa, jioni vinakwenda kuchemshwa hospitalini. Lakini sharti atazame mtu anayejua kutofautisha doa na kivuli. Thawat hajui. Mwenyewe alisema hajui, na nilimheshimu kwa hilo.

Kutazama ni kujua. Vilivyokuwa mle ni vya plazma. Cha Orathai kimo, au hakimo.

Ningeweza kusubiri ndege itue. Lakini hospitali hufunga mlango wa kupokea vyombo saa kumi, na Orathai ana homa.

Nikamwambia avifunike kwa karatasi ya foili, aache uwazi mdogo tu, ukubwa wa ukucha, avilete kimoja kimoja. Alivifunika vizuri, kama samaki wa kuoka. Nikavaa glovu. Nikavitazama chini ya taa, kila uwazi, polepole. Safi. Safi. Kimoja kilikuwa na kivuli, nikakigeuza, kivuli kikahama: ni kidole changu. Vyote safi. Nikamwambia osha, badilisha mpira, rudia, na safari hii subiri ombwe hata likikuchosha. Akanipigia magoti kwa mzaha, kisha akaona uso wangu akainuka.

"Dada, hukuona kitu, sivyo? Nilifunika vizuri."

"Ulifunika vizuri sana," nikasema.

Alivifunika macho yasione. Hakukumbuka uzito. Hakukumbuka kwamba foili ni laini, na vidole navyo husoma umbo.

Sasa dirisha la mlango lina urujuani. Sahihi kabisa. Mwalimu akitua nitamwambia, naye ataamua kama Orathai abaki kwenye hesabu. Hilo ni jepesi.

Simu imelia. Orathai.

"Dada, umeshakula?"

Bado, nikasema.

"Jirani wa Mama anasema leo ndiyo mnapika vyuma." Nasikia feni yake. "Sikiliza. Nilisema usiniambie. Nilisema kwa kujigamba, wakati sina homa." Anakunywa maji kidogo. "Unajua, au hujui? Hilo tu. Sijauliza kipi."

Nimeweka simu juu ya benchi, sauti wazi, nimeshika kalamu nipate kitu cha kufanya na mkono. Nasikia anavyopumua, kwa upande mmoja wa mdomo. Hajakata. Ananisubiri, na kila sekunde ninayonyamaza anaisikia.