Nusu ya Namba

Alief, Alhamisi, Machi 1998

Na Baba alitaka kunifurahisha, hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Stempu yangu nyekundu ya zamani ya Uingereza ilikuwa bado imebandikwa kwenye kipande cha bahasha. Muhuri wake ni wa mistari yenye namba katikati, na kila namba ni ya posta ya mji mmoja. Tarakimu ya kwanza, 4, iliangukia kwenye stempu. Zilizobaki ziliangukia kwenye karatasi, zimefifia, kwa hiyo leo nimeazima lenzi ya mwalimu nizisome. Nilitaka kuandika jina la mji kwa maonyesho ya stempu ya Jumamosi kule Sugar Land.

Nimerudi nikakuta Baba ameiloweka kwenye bakuli, kama walivyokuwa wakifanya shuleni kwao Tanga.

"Nimekubandulia, mama. Tazama ilivyotakata!"

"Na karatasi, Baba?"

"Ile takataka? Nimeitupa."

Sasa nina 4 peke yake, na namba zinazoanza na 4 zimejaa kurasa na kurasa za orodha ya posta. Nilimweleza kwa kifupi, nikaingia chumbani kabla sijalia. Naogopa nimemkosea adabu. Naogopa na Jumamosi pia, nikisimama pale mbele ya watu na...

Mama amechungulia mlangoni, anacheka. "Baba yako yuko nje na sare zake za hospitali, kichwa ndani ya pipa la taka. Anauliza karatasi ilikuwa ya rangi gani."

Bluu, nimemwambia. Nakwenda kumshikia tochi.