Pampu Iliyotoka Nizi

Bunia

Mama yangu,

Kwanza niambie, mguu unaendeleaje? Yaya, dada yetu mkubwa, alisema sasa unafika kanisani bila kushikwa mkono, nikafurahi sana. Mimi niko mzima, ila kifua kinasumbuliwa na vumbi la garaji.

Nilikuahidi kuja Noeli, nikimaliza lile gari dogo la michezo, la viti viwili. Mwenyewe alikufa, na binti yake anataka kuliuza Kampala. Mnunuzi anataka vyombo vyote vya asili, hata vile vya kusafisha moshi. Hapa mafundi huvitoa na kuziba matundu kwa bolti, eti vinakula mafuta. Nilitafuta mpaka ikabaki pampu moja ya hewa. Bila hiyo silipwi, na nisipolipwa siwezi kuja.

Juzi Janvier, muuza vyuma, akaileta ndani ya mfuko wa unga. Alama zililingana na kitabu cha gari. Lakini moyo ulikataa. Kitu kilichotupwa zamani kinashika kutu. Hii puli yake, gurudumu la mkanda, iling'aa, na mdomoni ilikuwa na udongo mwekundu, bado mbichi.

"Imetoka wapi?" nikauliza.

"Fundi, weye unatafuta pompi ao unatafuta palabre ya maneno?"

"Hii ilikuwa inatumika jana."

"Aba! Pompi kuwa nzima nayo ni kosa?" Alicheka huku akiangalia mlango. "Iko ya Nizi, kwa wachimba zahabu. Ilikuwa inapeleka hewa kwa watu wa shimo. Ile shimo imekufa."

"Basi tumpigie mwenye shimo."

Akasema anaenda kununua vocha ya simu. Hakurudi, wala hakudai kitu.

Mama, nilikaa na ile pampu magotini. Nilimkumbuka Musafiri, alivyolala dirisha wazi hata mvua ikinyesha, nawe ukimfokea kwamba mkeka unalowa. Mdogo wangu hakufa kwa kuangukiwa na udongo. Hewa ilimwishia mule shimoni.

Nikachukua pikipiki mpaka Nizi. Nilikuta watu wako ndani, na wenzao juu wanapepea hewa kwa shuka. Mkubwa wa shimo, wanamwita PDG, aliangalia pampu, akaniangalia mimi.

"Kumbe ni weye ulinunua!"

"Sikununua. Muifunge tu."

"Mutu harudishi kitu bure. Unataka nini?"

Waliifunga. Hakuna aliyeshukuru. Wawili walisimama kando ya pikipiki nisiondoke, nami sikutaka kuondoka. Nilingoja mpaka wa mwisho akatoka, akaketi chini, akaomba maji.

Binti wa marehemu anasema nimewauzia wachimbaji pampu yake. Sikubishana naye. Basi Noeli msiniwekee sahani. Nilitaka usikie sababu kutoka kwangu.

Nisalimie Yaya, na mumewe seremala, na yule mama jirani anayekuchotea maji.

Ni mimi, mwanao wa kiume aliyebaki,
Déo