Jani Lililopakwa Rangi

4 Machi

Kwa mpwa wangu,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko unavyostahili. Mimi sijambo, ila nimechoka kuubeba mtaa mzima mabegani. Tangu uondoke hapa hakuna geti linalofungwa wala ukuta unaosimama bila watu kuja kuniuliza kwanza. Juzi Mwalimu, yule jirani wa mkono wa kulia, alitaka kupigilia msumari wa kutundikia saa. Akaja kubisha hodi: "Injinia, niupige wapi?" Nikamwonyesha. Saa yake ilikuwa inachelewa miaka yote, na tangu siku hiyo inakwenda sawasawa. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na mgonjwa anapata nafuu.

Sasa nije kwenye lililonikaa kooni. Ulikuja na gari la kukodi, ukamtoa dada yangu hospitali, ukamlaza kiti cha nyuma kama gunia la viazi, ukaenda naye huko mjini kwako. Hukuniuliza. Mimi nimemjua yule kabla baba yako hajalijua jina lake. Halafu unaacha maneno kwa Mwalimu kwamba mama harudi nyumbani kwake mpaka njia ya gari isafishwe. Kwa Mwalimu! Nasimama kibarazani nasimuliwa habari za nyumba ninayolala na mtu asiyejua kupigilia msumari.

Ni kweli kuna utando wa kijani juu ya vitofali vya njia ya gari, toka getini mpaka kibarazani. Ni kweli dada aliteleza juu yake akavunjika nyonga. Lakini utando ni kitu gani? Mimi ni fundi rangi. Nimepaka majengo ya ghorofa nikining'inia kwa kamba moja, mkono mmoja brashi, mwingine nakula mkate. Kuna nyumba niliipaka kwa siku moja, jioni mwenyewe akarudi kazini akaipita mara tatu bila kuitambua, akaenda kulala kwa shemeji yake. Mtu wa namna hiyo unamtishia kwa kijani? Nipe asubuhi moja tu.

Na usinitumie ujumbe wa simu. Maandishi yale ni kama viroboto, na mtu wa hadhi yangu hazungumzi na viroboto. Andika barua.

Ni mimi, mwenye hasira,
Mjomba wako

12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anaendelea vizuri, mfupa unaunga, na daktari amemruhusu kutembea na mkongojo humu ndani. Watoto wangu wanamtii yeye kuliko mimi. Anakusalimu, na anauliza kama unakula.

Niliacha maneno kwa Mwalimu kwa sababu wewe ulijifungia chumbani kwako kule uani. Niligonga mpaka vidole vikaniuma. Nilikusikia ukikohoa, Mjomba. Kwa hiyo tusianze kuulizana nani hakumuuliza nani.

Na mimi nina langu kooni. Mwaka mzima, kila nilipokupigia, nilikuuliza: "Njia ya gari ikoje? Mvua haijaiharibu?" Na wewe kila mara: "Safi kama sahani." Basi mama yangu amevunjikia nyonga juu ya sahani yako. Nilipofika pale na viatu vyangu vya kazini nusura na mimi niende chini. Utando ulikuwa mzito kama zulia. Hivi ulikuwa unapita wapi, angani?

Ukitaka kweli kusaidia, fanya hivi wala usiongeze la kwako. Chemsha maji, tia magadi, mwaga juu ya vitofali uache yaloweke. Kisha sugua kwa brashi ngumu, mpaka kwenye nafasi za katikati ya kitofali na kitofali, maana mizizi ya balaa iko humo. Suuza, acha pakauke, rudishia mchanga kwenye nafasi. Usimwage dawa ya kufulia, itaua mawaridi ya mama. Ziba tundu la mfereji wa paa linalodondosha maji pale, na umwombe Mwalimu akate tawi lake linalozuia jua. Bila hayo mawili utando utarudi hata usugue mpaka mifupa.

Siandiki kwa ajili yako. Naandika kwa sababu mama hapapendi hapa. Ni ghorofa ya nne na hawezi kushuka ngazi. Anakaa dirishani anatazama paa la gereji. Jana ameniambia, "Hata mfungwa hutolewa nje kuota jua." Anataka nyumba yake. Lakini simrudishi juu ya utelezi ule hata anililie.

Jambo jingine. Miwani yake haijaonekana tangu siku aliyoanguka. Hospitali wanasema hawakuipokea. Umeiona? Hawezi kusoma wala kutia uzi kwenye sindano.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu msomi,

Marahaba. Mimi mzima, na nakula. Mwambie dada nakula sana.

Nimesoma mafundisho yako ya magadi. Asante. Siku nyingine nifundishe na kuvaa suruali.

Jua kwamba kazi imekwisha. Nilikodi mashine ya maji ya kasi, ile ya kuoshea malori. Kijana aliyeileta alisema inahitaji watu wawili kuishika. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndio hao wawili." Nilipoiwasha ilininyanyua kutoka chini, nikawa naelea juu ya njia ya gari kama tai, nimeshika bomba, huku naelekeza maji kulia na kushoto. Mwalimu ni shahidi, ingawa atakataa kwa wivu. Utando ulikimbia wenyewe kutoka getini ukapotelea barabarani.

Nimekuwekea picha aliyoipiga mpiga picha wa kona. Itazame vizuri, umwonyeshe na dada, mwenye nyumba. Kijivu tupu. Hakuna kijani hata cha dawa. Sasa mrudishe dada yangu, na ukija uje na maneno ya kuniomba radhi, maana kuhusu "angani" sijasahau.

Kuhusu miwani, hao hospitali usiwaamini. Mtu anayeweza kukutoa damu ukiwa macho atashindwa kuiba miwani?

Mjomba wako

11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Picha ilifika Jumatatu. Niliiangalia nikafurahi, nitasema ukweli. Nikaanza kumfungia mama nguo zake, naye akawa anaimba jikoni, jambo ambalo hajalifanya tangu aje. Nilikuwa nimeshaanza kuandika barua ya kukuomba radhi.

Kisha mama akataka aione picha. Kwa kuwa hana miwani aliisogeza puani, akaisogeza mbali, akairudisha puani. Halafu akasema, "Hebu niambie, pale karibu na geti kuna nini?" Nikatazama. Kuna jani, Mjomba. Jani la mti wa Mwalimu, limelala juu ya vitofali, lina kikonyo chake na mishipa yake yote, na ni la kijivu.

Umepaka rangi. Umepaka rangi juu ya utando, na jani ukalipaka humohumo.

Ndipo nikaona kwamba hata mistari ya katikati ya vitofali haipo. Mama yangu, asiye na miwani, ameona jani ambalo wewe uliyeinama juu yake na brashi hukuliona. Ama ulifikiri sisi ndio vipofu?

Unajua rangi ile ikilowa inateleza kuliko utando wenyewe? Ningemleta Jumamosi. Angekanyaga pale na mkongojo wake, akikuamini.

Mama amezitoa nguo kwenye sanduku mwenyewe, moja moja, akazirudisha kabatini. Aliyoniambia nikuandikie ni haya tu: "Mwambie mdogo wangu, kuku aliwahi kumpaka rangi nikacheka. Hili sicheki."

Mpwa wako

16 Aprili

We mtoto,

Salamu zipo, zitafute mwenyewe.

Rangi ni kazi yangu. Daktari anafunga bandeji juu ya kidonda, mbona humwiti mwongo? Wanawake wanapaka poda, mbona hamuwapeleki polisi? Niliutendea utando ule kwa ujuzi wa miaka yangu yote, na nyinyi huko juu ghorofani mmekaa mnanichambulia jani. Jani moja! Njia nzima ina urefu wa malori mawili, nyinyi mmeona jani.

Na yule kuku alipendeza. Dada mwenyewe alimwita jirani aje kumwona.

Usiniandikie tena. Mimi si mtu wa kufuatwa na barua kama mdaiwa.

Mjomba wako, kama bado

20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima wa mwili.

Ulisema nisiandike. Nimekaa mwezi mzima na zaidi bila kuandika, na simu hupokei. Sikupenda tumalizane hivi, lakini lipo jambo lazima ulijue kutoka kwangu, si kwa Mwalimu.

Mama hakai tena dirishani. Nikimwuliza anasema paa la gereji amelimaliza. Mkongojo ameuegemeza nyuma ya mlango, hautumii, hataki kutembea. Daktari anasema mfupa umepona, aliyebaki ni mwenyewe. Siwezi kumwacha akingoja kitu kisichokuja. Ni bora ajue moja.

Kwa hiyo nimepata mpangaji wa ile nyumba. Ni bwana mmoja na familia yake, hawajali njia ya gari, wataibomoa waweke zege. Anataka kuingia mwishoni mwa Juni. Wewe chumba chako cha uani kitabaki, nimemwambia. Mama amesema, "Fanya unavyoona." Hajawahi kuniambia hivyo maisha yake yote, hata nilipokuwa naolewa.

Kama unalo la kusema, sema sasa.

Halafu kitu kidogo. Nimezipanga barua zako. Za mwaka jana herufi zako zilikuwa kubwa kama mabango na mistari ilikuwa inatoka nje ya karatasi. Hizi za sasa zimenyooka. Mama alinitaka nimsomee zote, nikamwambia na hilo. Akasema, "Eti?" Kisha akacheka kidogo, akakataa kunieleza anacheka nini.

Mpwa wako

9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo umekataa kunyooka, magoti yamevimba kama maandazi, lakini mzima. Dada hajambo? Usijibu, utanijibu mkiwa hapa.

Mwambie huyo bwana akatafute nyumba kwingine. Nikimwona getini na fundi zege wake nitampaka yeye rangi, na safari hii mara mbili. Hasira niliyonayo juu yako ingetosha kuchemshia maji, na kwa kweli ndiyo niliyochemshia. Unampangisha nani nyumba ya dada yangu? Mawaridi yake anayajua nani? Lile la pembeni linataka maji ya jioni tu, ukilipa ya asubuhi linanuna. Hilo umemwandikia huyo mpangaji?

Sasa sikiliza. Baada ya barua yangu ile ilinyesha mvua. Rangi ikavimba, ikabanduka kama ngozi ya maziwa, na chini yake utando ulikuwa na afya kuliko mimi. Muuza mikate akapita na baiskeli yake, akasimama. "Injinia, kumbe ulikuwa unaufunika usipigwe na baridi?" Nikamtupia kiatu. Akakiokota, akanirudishia, akasema, "Chukua, utahitaji kutembea kwa uangalifu."

Nikaingia ndani nikaitafuta barua yako ya magadi.

Nilibandua rangi yote kwa kikwangulio. Nikachemsha maji, nikatia magadi, nikaacha yaloweke, nikapiga magoti. Hakukuwa na mashine. Mashine ile nilikodi kweli, ila nilipoiwasha ilinipeleka kwenye ukuta wa Mwalimu, nikairudisha kabla ya chai. Nimesugua kwa brashi ya mkono, kitofali kwa kitofali, na katikati nikachokoa kwa bisibisi. Watu walianza kunipita wakicheka, wakaja kunipita wakiniamkia, mwisho wakawa wanazunguka ili wasinikanyagie. Mchanga nimerudishia. Tundu la mfereji wa paa nimeliziba. Mwalimu alisema tawi lake halimsumbui mtu. Nikamwambia, "Tawi lako ndilo lililovunja nyonga ya dada yangu, na msumeno ninao." Alilikata mwenyewe. Jua sasa linafika mpaka kibarazani.

Sikutaka kuamini macho. Nilimwaga ndoo za maji njia nzima, nikavaa zile ndara za dada zilizolika soli, zile zile alizoanguka nazo. Kisigino changu kiko nje, vidole viko nje. Nikatembea toka getini mpaka mlangoni, nikarudi, nikaenda tena, mtaa mzima umejaa kwenye uzio. Sikuteleza. Nikarudia kwa mguu mmoja. Hilo la mguu mmoja si kweli, lakini mengine yote ni kweli, muulize muuza mikate, maana ananichukia.

Picha sijatuma. Njoo nayo macho yako. Mlete dada Jumamosi yoyote, akanyage mwenyewe. Asipoipenda nitahama mimi, huyo mpangaji wako achukue na chumba cha uani.

Limebaki moja, na ukimsomea dada barua hii usome mpaka hapa uishie, ingawa nadhani ameshalijua, ndiyo maana alicheka.

Miwani yake ninayo mimi.

Niliiokota kwenye vitofali siku ile, wakati wanampakia kwenye gari la wagonjwa. Nikaijaribu usoni nione kama imevunjika. Ndipo nikaiona njia ya gari. Nakuapia, mpwa wangu, kabla ya hapo mimi nilikuwa naona sahani. Nilipoona zulia la kijani nikaingia chumbani nikajifungia, na hata ulipokuja kumchukua ukagonga, bado nilikuwa nimejifungia.

Siku ya kupaka rangi niliivua, kwa sababu fremu yake ni ya waridi na ina vijiwe vinavyometameta pembeni, na muuza mikate hupita saa ile. Safari hii nimesugua nimeivaa. Mtaa mzima umeniona. Sasa hawaniiti tena Injinia, wananiita Shangazi.

Akiiulizia, mwambie atapewa akifika getini. Kabla ya hapo siwezi kuituma, maana bila hiyo hata ninyi mkishuka garini sitajua yupi ni wewe na yupi ni dada.

Mjomba wako