Toleo Limefungwa na Mama M'mbondo Hayumo

Jumatatu, 6 Novemba
Mji wa Baraka, eneo la Fizi, kando ya ziwa. Betri imejaa saa tatu, jua zuri. Taarifa tano za makosa. Nimefunga tatu kabla ya chai. Tangu mwezi jana toleo jipya la programu ninayoitengeneza pamoja na kundi la ng'ambo limefungwa: hakuna kuongeza kitu, hakuna kupamba. Wanapokea marekebisho ya makosa makubwa peke yake. Vizuri. Napenda kazi ya kufagia.

Ya tano imetoka kwa Riziki, muuguzi wa sentre ya afya ya Lweba. Anatumia sehemu yangu ya programu hiyo, daftari la wagonjwa. Anasema majina yanapotea.

Jumanne, 7 Novemba
Nimelipata. Ni ile alama ndogo ya juu. M'mbondo. Wa'enga. Alo'eci. Ukihifadhi mara ya kwanza, jina linabaki. Ukirudi kulihifadhi mara ya pili, muntu anafutika. Bila onyo.

Mstari huo niliuandika mimi, miaka mitatu iliyopita. Mimi M'bembe, nimefuta Babembe. Nina haya.

Riziki anasema dawa huagizwa kwa kufuata orodha. Mama M'mbondo, mgonjwa wa kifua kikuu, hakuwemo. Miezi miwili hakuna vidonge vyake.

Nimerekebisha. Mistari minne. Nimetuma, na alama ya kosa "kubwa".

Jumatano, 8 Novemba
Bwana anayesimamia toleo, huko ng'ambo, amejibu. Amelishusha: kosa dogo. Lisubiri toleo lijalo. Yaani miaka miwili. Ameongeza kwamba kwa sasa watumiaji waandike majina bila alama.

Nimesoma mara tatu. Nimekasirika. Toleo hili ndilo litawekwa kwenye odinatere, kompyuta za sentre zote za Fizi. Na mtu wa mbali anatuambia tujiite vingine.

Nimerudisha alama ya "kubwa". Mchana risasi upande wa milima. Watu wanashuka na magodoro kichwani.

Alhamisi, 9 Novemba
Ameishusha tena kuwa "dogo". Anataka ushahidi. Mwisho wa kupokea ni Jumapili.

Saa nane rezo ya simu imekatika. Wanasema antena imechomwa.

Ijumaa, 10 Novemba
Kaka yangu Asende amefunga mizigo. Pirogi, mtumbwi wa kuvuka maji kwenda Ubwari, ni kesho.

"We unabakia kufanya nini? Mashini itakuzika?"

Nikamwambia siendi. Ametukana, halafu ameniachia unga nusu gunia. Ninaogopa. Siendi.

Jumamosi, 11 Novemba
Lweba. Pale ufukweni rezo ya Burundi inashika, na Riziki ana kadi yake ya simu. Nimekuja na moto, pikipiki ya kukodi.

Njiani bariere, kamba imefunga barabara. Wenye silaha wanne, hakuna hata mmoja mwenye uniforme kamili. Mmoja amevuta begi langu.

"Hii njo nini?"

"Odinatere ya bagonjwa."

"Iko yangu sasa."

Nikashika mkanda wa begi. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasema: "Chukua. Lakini kesho we njo utaenda kupana dawa Lweba. Bamama biko banangoja."

Mkubwa wao akacheka. Akauliza kama ni sentre ya Riziki. Riziki aliwahi kumshona mguu. Wamechukua koti langu na saa. Begi limebaki.

Nimeandika ushahidi wote: majina kumi na saba yamefutika katika sentre moja. Kupitia kwa Riziki, Mama M'mbondo ameniruhusu nieleze habari yake bila kumtaja. Mwishoni nimeandika: "Hatutabadilisha majina. Badilisheni programu." Nimerudisha "kubwa". Mara ya pili.

Jumapili, 12 Novemba
Asubuhi kimya. Saa sita mwanamke mmoja wa kundi la programu, nchi nyingine kabisa, ameandika. Jina lake lina alama hiyohiyo. Amejaribu kujiandika mwenyewe kwenye daftari. Amefutika.

Saa kumi yule bwana ameandika neno moja: "Imekubaliwa." Hakuomba radhi. Sikumshukuru.

Jumanne, 14 Novemba
Bado Lweba. Barabara imefungwa. Asende amefika Ubwari, ametuma salamu na wavuvi.

Mama M'mbondo amekuja sentre. Amekonda. Riziki amemweleza kwamba matibabu yanaanza upya, tangu mwezi wa kwanza wa dawa. Sikuweza kukaa kimya. Nikamwambia mstari ule ulikuwa wangu.

Akanigeukia.

"We njo ulinifuta?"

"Ndiyo, mama."

"Basi, we njo uniandike."

Nikaandika. Nikahifadhi. Nikahifadhi tena. Akainama kutazama, akakohoa pembeni, akaenda kwenye benchi kungoja maji ya kumezea vidonge.

Baadaye Riziki alipika bugali na ndakala, vidagaa vya ziwani. Mvua ndogo ziwani.

Nimelala mchana. Hakuna aliyeniamsha.