Wimbo Usiomo Kitabuni

Jumatatu, 8 Septemba

Jina la mwanangu Zuhura litaandikwa ndani ya kitabu! Kitabu cha hadithi, cha zamani. Mwandishi kafa siku nyingi, hata wajukuu zake hawadai tena, sasa ni mali ya kila mtu. Zuhura anakitoa kwenye picha za kurasa kuukuu, anakiweka sawa kisomeke kwenye simu, bure, kuanzia mtaa wetu wa Buyenzi mpaka Uchina. Mwishoni wataandika: kimetayarishwa na Zuhura wa Bujumbura. Habari hiyo niliitoa sokoni kabla ya kumsalimia mtu. Ndagala zangu, visamaki vya ziwa, zimekwisha kabla ya adhuhuri. Furaha inauza.

Jumanne, 9 Septemba

Leo kanionyesha kazi yenyewe. Kila kichwa cha hadithi, kila aya, kila wimbo, una alama ya kufungua na alama ya kufunga. Zina pembe kama mbuzi. Msomaji hazioni, mashine inaziona. Alama ya kulaza maneno alisahau kuifunga mara moja tu, kitabu chote kikalala upande kama mlevi. Nilicheka mpaka kanga ikafunguka. Nikamwambia hii ni habari ya sufuria na vifuniko, kigumu kiko wapi? Akasema, "Basi Mama, kaa hapa unisaidie."

Nimekaa. Nashika kurasa zilizochapwa kutoka kwenye zile picha, nasoma kwa sauti. Yeye anafuata kwenye mashine. Nasema hata koma na nukta. Maana mashine iliyozisoma zile picha ina macho mabovu: doa la karatasi imelifanya koma, na mistari mingine imeiruka. Niliishia darasa la sita, lakini mi nasoma kuliko redio.

Alhamisi, 11 Septemba

Hadithi ya nne ni ya bibi na fisi! Hii nimeilalia nikiwa mdogo, nyanya yangu aliisimulia kila tulipokosa usingizi. Leo imetoka kinywani kama maji. Zuhura anaandika, anarekebisha, vidole havitui. Anasema hapa mashine iliruka mengi sana. Masikini mashine. Mama Saidi wa nyumba ya pili alisimama mlangoni kusikiliza wimbo wa bibi mpaka maharagwe yake yakaungua. Sikumwonea huruma.

Jumamosi, 13 Septemba

Kimetumwa. Huko ng'ambo kuna mkaguzi, mwanamke, hatujawahi kumwona. Analinganisha kazi na zile picha. Akikuta makosa anakirudisha mara moja tu. Mara ya pili kikiwa na makosa, anapewa mtu mwingine akimalizie, na jina linaandikwa la huyo mwingine. Zuhura kaniambia hayo huku anakata kucha kwa meno. Mi sina wasiwasi. Mtaa mzima wanajua kitabu ni chetu.

Jumatano, 17 Septemba

Kimerudi.

Alama kazisifu, kila iliyofunguliwa imefungwa. Lakini hadithi ya nne haifanani na kurasa. Ina wimbo usiomo. Kwetu bibi anamtia fisi kwenye gunia, na kitabuni fisi ndiye anayemla bibi. Mkaguzi anauliza kwa upole kama tunatumia chapa nyingine ya kitabu.

Zuhura kachukua karatasi, kasoma mwenyewe. Halafu akaniangalia.

"Mama, hii uliisoma ao uliitunga?"

Sikutunga! Karatasi nilikuwa nayo mkononi. Ila nadhani tangu mstari wa tatu macho yalishainuka, mdomo ukaenda kwa nyanya. Na yeye kaamini mdomo wa mama, hakuichungulia karatasi. Tumeponzana. Nimeona aibu, aibu ya kweli, mbele ya mtoto niliyemzaa. Halafu nikaona hasira. Bibi yetu ni mzuri zaidi! Bibi wa kuliwa ana faida gani?

Alhamisi, 18 Septemba

Nimemwambia tuache ya kwetu, watu watafurahi, nani atajua. Kajibu bila kuinua kichwa:

"Apana, Mama. Huyu mutu alishakufa. Hawezi kurudi kusema, mi sikuandika hivyo."

Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jioni Mama Saidi kaniita kutoka ng'ambo ya barabara, watu wanasikia: "Mama Zuhura! Kitabu iko wapi? Ao ni kitabu ya upepo?" Nikamjibu, "Inakuja! We tafuta miwani kwanza!" Wakacheka, nikacheka nao. Ndani nilikuwa naungua. Zuhura kaacha ugali nusu sahani. Kitabu kinatakiwa Jumatatu.

Ijumaa, 19 Septemba

Baada ya sala tumeanza upya, kitabu kizima. Nimekata boksi la sabuni, nikatoboa mwanya wa mstari mmoja. Naliweka juu ya karatasi, naona mstari huo tu, sioni unaofuata. Mdomo hauna pa kukimbilia. Na Zuhura, kila akitaka kubadili neno, ananyoosha shingo aone karatasi kwanza. Hataki tena kuniamini hivi hivi, na ana haki.

Tukafika kwa bibi. Nikasoma. Fisi akamla, koma, yeye na kikapu chake, nukta. Nikakohoa, nikaendelea. Wimbo wa nyanya Zuhura kaufuta mwenyewe, na alama zake za kufungua na kufunga. Nilitazama dirishani.

Jumapili, 21 Septemba

Kumbe na hadithi ya sita nilikuwa nimeigusa, hata mkaguzi hakuona! Yule mume nilimpa adabu ambayo mwandishi hakumpa kabisa. Tumemrudisha kwenye uhayawani wake. Zuhura kacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano. "Mama, we ungeandika vyako." Ningeandika, tena vizuri. Lakini hiki si changu.

Jumatatu, 22 Septemba

Umeme umekatika tangu alfajiri. Zuhura kabeba mashine mpaka chuo kikuu kule Mutanga, kwenye umeme, kukituma. Mi nimebaki na ndagala. Za mteja mmoja nikampa mwingine, wote wawili wakarudi kugomba. Naogopa. Nimeandika hivyo hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Alhamisi, 25 Septemba

Kimekubaliwa.

Sikupiga vigelegele. Zuhura kanipa simu, nikashuka na kidole mpaka mwisho, nikasoma jina lake polepole. Herufi zote zipo. Yeye kaegemeza kichwa begani kwangu, kalala hapo hapo kwenye mkeka na viatu miguuni.

Mama Saidi kaja na miwani ya mumewe. Kasoma hadithi ya nne yote kwenye simu yake, midomo inachezacheza. Alipofika mwisho akashika kifua. "Masikini bibi!" Akafuta macho. Akaniuliza kama ndivyo ilivyoandikwa. Nikamwambia ndivyo. Sikuongeza neno.

Alipokuwa akiondoka nimemwagiza apitishe habari nyumba kwa nyumba. Kila mtu na simu yake, mwenye mikeka alete. Mchele nimeshautenga. Zuhura atasoma, mi nitapakua. Waje wote Jumapili, baada ya laasiri.