Kwa Nini Tulikutafutia Shule ya Mbali

Neema mjukuu wangu,

Hapa mtaani Lozells hatujambo. Mama yako amepata kazi ya usafi hospitalini, na mdogo wako Daudi anavaa soksi zako akidai ni zake.

Uliniuliza kwenye simu kama tulikuchoka. Nilipokuwa msichana kama wewe, baba alipofariki, mama alinipeleka kwa shangazi Bukavu bila kunieleza neno. Nililia njia nzima, nikiamini hanitaki tena. Wewe nitakueleza.

Ulipoacha shule ukawa unashinda kitandani umejifunika gubigubi, mama yako alimpata mshauri wa elimu kule Stechford, mwanamke anayewatafutia vijana shule zinazowafaa. Kwanza alitaja shule yenye ulinzi mkali. Mama yako akasema, "Mwanangu si mkorofi. Ana huzuni."

Mshauri akaweka kalamu chini. "Anapenda nini?"

Tukatazamana. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukimlisha mbwa wa jirani, hata siku ulizokataa kuongea nasi. Nilipomwambia, akatutajia hiyo shule yako ya bweni huko Wales, yenye farasi.

Tulipotoka kwake, kituoni mama yako aliliacha basi lipite, akilia. "Mama, nitalalaje na yeye hayupo?" Nilimshika mkono tu.

Njoo Krismasi. Ukiona huko hakukufai, sema. Tutarudi kwa mshauri, na safari hii utakaa katikati yetu, uzungumze mwenyewe.

Nyanya yako akupendaye,
Maria